Jumapili ya barafu na jina la Anaclet

Lubumbashi, komini ya Kenya
Jumapili jioni

Kwako Yaya Bernadette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu wote wanaolala chini ya paa lako pale Kongolo. Kifua cha mama kimetulia, au bado anakohoa kila kukicha? Watoto wanakwenda shule, au mwalimu amegoma tena? Mihogo imeshika mwaka huu? Mimi mwili uko salama. Odette, mke wangu, naye yuko salama, anauza maharage pale sokoni na jioni miguu inamuuma. Hatujalala njaa. Zaidi ya hapo sina la kujisifu.

Yule mfanyabiashara wa samaki aliyeshuka na treni kutoka huko alinifikishia maneno yako. Alikaa kwenye benchi la garaji akayatoa polepole, kama mtu anayebeba sahani iliyojaa. Alisema ulikwenda kwa kaka mkubwa wa marehemu mumeo kuomba familia itoe misa ya kumkumbuka, naye akakujibu mbele ya watu, "Tumuombee misa mlevi?" Alisema hukulia. Ulirudi nyumbani, ukachambua majani ya sombe, ukapika, watoto wakala. Kesho yake ndipo ulipomwambia, "Mwambie Célestin aniandikie. Alikuwepo. Nataka kujua mume wangu alikufa namna gani."

Yaya, siku za msiba nilikwambia kwa simu kwamba kamyo, lori kubwa la kazini, lilimwangukia. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu. Nusu ya pili niliizuia kwa sababu wakati ule tulikuwa na vita vyetu na kampuni, na niliamini tutashinda. Nilitaka nikupigie siku hiyo, nikwambie tumeshinda. Siku hiyo haikufika. Sasa nakuandikia yote. Yakikuuma, ujue na mimi yananiuma ninapoyaandika.

Lazima nianzie kwenye mchezo. Utashangaa, lakini bila mchezo ule huwezi kuelewa kwa nini watu wazima kama sisi tulijidanganya.

Bwana wetu wa garaji kule kwenye kampuni ya mgodi alikuwa Mzungu mmoja jina lake Andris. Anatoka nchi inayoitwa Latvia. Mwenyewe alituambia kwamba ukikusanya watu wote wa nchi yake hawawezi kulijaza jiji la Lubumbashi, na sisi tukadhani anatania. Hakuwa mtu mbaya. Alikula bukari, ugali wetu, na sisi kwa mkono, alijifunza Swahili yetu ya garajini, akisema "iko muzuri" hata kwa kitu kibaya. Kwenye upande wa makamyo makubwa tulikuwa mafundi watano chini yake: mumeo, shemeji Anaclet, mimi, mapacha wawili wa Likasi, Kyungu na Kabange, pamoja na baba Kaumba, fundi wa kuchomea vyuma, mkubwa wetu kwa umri.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, tukinawa mikono tuondoke, Andris akaja akiwa hana raha. Timu ya nchi yao ilikuwa imeshindwa na Kanada siku ile ile, na kesho yake ilikuwa inacheza na Wamarekani kutafuta nafasi ya tatu ya dunia. Mchezo wenyewe ni hoki ya kwenye barafu. Akatuomba twende kwake Karavia tukaangalie naye, maana Wazungu wengine wa kampuni hawakujali timu yake na hakuwa na mtu wa kukaa naye.

Alitueleza: watu wanavaa viatu vyenye visu chini, wanateleza kwenye barafu, wana fimbo zilizopinda, wanapigania kitu kidogo cheusi wakiingize golini.

Kaumba akauliza, "Barafu gani? Ya friji?"

Andris akacheka mpaka akashika mlango wa kamyo.

"Na bote hii ni juu ya nafasi ya tatu tu?" Kabange akauliza.

Hapo hakucheka. Akasema, "Tangu nchi yetu ianze kucheza mashindano haya hatujapata medali hata moja. Hata hiyo ya tatu."

Basi tukaenda. Ilikuwa Jumapili ya Pentekoste, tulitoka kanisani moja kwa moja, shemeji Anaclet akiwa na lile shati lake la bluu ulilomshonea. Andris alikuwa amevaa fulana ya timu yao, nyekundu iliyokolea kama damu iliyoganda. Alitununulia kuku na bia. Shemeji akaomba Fanta.

Andris akamuuliza, "Hata leo?"

"Hata leo, patron," shemeji akajibu. "Baba yangu aliuawa na pombe ya lutuku. Nilimwapia Mungu."

Unakijua kiapo hicho kuliko mimi. Nakuandikia haya ili ujue kwamba Andris naye alikijua, tena kwa masikio yake, nyumbani kwake. Aligonga bilauri yake kwa chupa ya Fanta ya mumeo, akasema kiapo ni kiapo.

Mwanzoni hatukuona kitu. Kile kitu cheusi ni kidogo kama kopo la rangi ya viatu na kinakwenda kwa kasi kama risasi. Kaumba alikuwa akisema kila mara, "Mi sione kintu, munipashe habari." Lakini taratibu macho yakazoea. Tuliona Wamarekani ni wakubwa, wenye nguvu, watu ambao katika mashindano yale walikuwa wameshinda kila mechi mpaka waliposhindwa jana yake. Tuliona pia wale wadogo wa Andris hawaondoki. Wanabanwa ukutani, wanaanguka, wanainuka, wanarudi. Wamarekani wakafunga, wadogo wakarudisha. Wamarekani wakatangulia tena, matatu kwa mawili, na muda ulikuwa unakwisha. Andris aliacha kuangalia, akageukia dirisha. Ni sisi tuliomwita kwa kelele, maana beki wao mmoja alikuwa amekipiga kile cheusi kutoka mbali na kimeingia. Matatu kwa matatu.

Ikabaki muda wa nyongeza. Anayefunga kwanza amemaliza. Na hapo hapo umeme ukakatika Karavia nzima.

Yaya, ungeuona uso wa yule mtu. Alikimbilia jenereta, jenereta haina mafuta. Alimfokea mlinzi kwa lugha ya kwao. Shemeji Anaclet aliinuka. Alitoka nje, akalisogeza pikapu la Andris mpaka chini ya dirisha, akafungua boneti, akaleta kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri tunachotumia tukitengeneza makamyo njiani, akapitisha waya dirishani. Televisheni ikawaka. Akarudi kukaa, akipangusa mikono kwa leso ili asichafue shati lako.

Hatukungoja sana. Beki yule yule akafunga tena. Manne kwa matatu. Wadogo walitupa fimbo hewani, wakarundikana juu ya barafu kama watoto, na watu wazima majukwaani walikuwa wanalia. Andris alipiga magoti sakafuni. Kisha akamkumbatia mumeo, akamwinua juu, mtu mzito vile, akasema, "Bila Anaclet mimi nisingeona. Katika maisha yangu yote nisingeona." Tulipiga makofi, tukacheza. Nakubali nilifurahi. Sijawahi kuigusa barafu isipokuwa ya kwenye kinywaji, na nilifurahi kama vile wale vijana walizaliwa Kongolo.

Jumatatu akatuonyesha kwenye simu kwamba wabunge wa nchi yake walikutana usiku ule ule na kutangaza siku ya mapumziko kwa wote.

Kyungu akasema, "Na shiye, patron? Konje yetu iko wapi?"

"Shiye tuko Katanga," Andris akajibu. "Kazi."

Tukacheka. Tangu siku hiyo mchezo ule ukawa wimbo wake. Bolti ikikataa kufunguka, "kumbukeni Jumapili." Vipuri havijaja, "kumbukeni Jumapili." Mdogo akikaza anaweza kumwangusha mkubwa, ndiyo maana yake. Aliyasema mpaka yakatuingia, na hilo ndilo ninalomlaumu kuliko mengine.

Mvua zilipoanza mwaka ule, krik yetu kubwa ya kuinulia makamyo ikaanza kuvuja mafuta. Unaipandisha, baada ya muda inashuka yenyewe kidogo kidogo. Shemeji ndiye aliyeona kwanza. Andris alikwenda kwa mkurugenzi kuomba nyingine, zaidi ya mara moja. Waliahidi. Asubuhi moja likaingia kamyo lenye shida ya gia, na mkurugenzi akapiga simu mwenyewe kwamba linatakiwa mgodini siku hiyo hiyo. Shemeji akamwambia Andris mbele yetu, "Patron, na hii krik mi siingie chini."

Andris akakuna kichwa. Akaangalia simu yake. Akasema, "Ya leo tu, Anaclet. Weka na magogo pembeni. Kesho nitaikataa mimi mwenyewe."

Yaya, shemeji aliweka magogo. Niliyabeba naye, mimi nikishika upande mmoja. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha sakafu, na yeye akiwa chini ya kamyo, gogo moja likateleza krik iliposhuka. Nilikuwa nimekwenda kuchukua spana upande wa pili wa kamyo. Nilisikia chuma kikigonga saruji na baada ya hapo sikusikia kitu. Tuliliinua kamyo kwa mashine ya uwanjani. Alikuwa bado ana pumzi. Nilimshika kichwa. Aliniambia, "Bernadette," basi, jina lako peke yake, na hakumaliza alichotaka kusema. Alikata roho tukiwa kwenye gari, kabla ya kufika hospitali. Mdomo wake ulikuwa karibu na uso wangu njia nzima. Ulinuka chai ya asubuhi na damu. Hakuna kingine.

Alifanywa mlevi siku ya tatu, kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Mkuu wa wafanyakazi alitukusanya sote uwanjani na kusema uchunguzi umeonyesha marehemu aliingia kazini akiwa amekunywa, na kwamba iwe fundisho kwetu. Aliyasema kwa sauti ya upole, kama mtu wa kanisa. Wapo waliotikisa kichwa wakiamini. Mmoja wao ana ndugu Kongolo, na nadhani ndivyo maneno yalivyopanda treni yakakufikia wewe.

Ukitaka kujua kwa nini walisema hivyo, ni rahisi. Fundi akiwa mlevi, kosa ni lake. Fundi akiwa mzima wa akili, watu wataulizia krik.

Sisi wanne tulikaa kwa Kaumba jioni hiyo. Hatukuzungumzia fedha, Yaya, naomba uamini hilo. Tulitaka neno moja tu: wasimame uwanjani pale pale waliposema uongo, waseme Anaclet hakuwa amelewa. Tulijua sisi ni mafundi, kesho tunafukuzwa na geti linajaa wengine. Tuliogopa. Aliyetuondoa woga ni Andris. Alikuja mwenyewe kwa Kaumba, macho yamevimba, akakaa kwenye kigoda.

"Nendeni kwa mkurugenzi pamoja," alisema. "Nami nitakuwepo. Nitasema habari ya krik, nitasema niliiomba na hawakuleta. Nitasema Anaclet hanywi."

Kaumba akamuuliza, "Utasema mbele yao? Au utasema hapa kwangu tu?"

"Mbele yao. Kwenye barafu timu ni wachezaji watano na kipa. Nyinyi muko wanne. Wa tano ni mimi." Kisha akasema lile neno lake, "Kumbukeni Jumapili."

Na sisi tukakumbuka. Kabange aliinuka akampa mkono. Mimi nililala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ndivyo tulivyokuwa wajinga.

Mkurugenzi alitupokea ofisini, kiyoyozi kimewashwa mpaka meno yanagongana. Andris alikuwa amekwisha kukaa, lakini hakukaa upande wetu. Alikaa upande wa pili wa meza, kando ya mkuu wa wafanyakazi, ameinamisha kichwa. Kaumba akaongea kwa heshima, kwa Kifaransa chake cha shule za mapadri. Akasema tunachoomba, akasema patron Andris ni shahidi.

Mkurugenzi akamgeukia. "Ni kweli? Unaweza kuthibitisha kwamba mtu huyu alikuwa hajanywa?"

Andris alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu. Akasema, "Asubuhi ile sikuwa karibu naye."

"Na krik?"

"Ilikuwa ya zamani. Lakini ilikuwa inafanya kazi."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Hakutuangalia. Nilimtazama nikitegemea atainua kichwa, aseme lile alilotuahidi kwa Kaumba. Mkurugenzi akatushukuru kwa kuja. Kabla wiki haijaisha tulipewa barua za kuachishwa kazi sote wanne, kwa kosa la kuleta vurugu. Vurugu yenyewe ni ile ya kubisha hodi na kuvua kofia.

Nilimngoja Andris nje ya geti. Alisimamisha gari, akateremsha kioo kidogo.

"Célestin, waliniambia nikisema, mimi ndiye niliyetoa amri ya kuitumia krik. Waliniambia nitaingia jela hapa. Nina watoto."

Nikamwambia, "Anaclet naye ana watoto. Wanne."

Akapandisha kioo. Haukupita muda tukasikia wamempeleka kiwanja cha Luano, amepanda ndege, kampuni imempa kazi kwenye nchi nyingine. Kabla ya kuondoka alimtuma dereva na mfuko kwa Kaumba. Ndani mlikuwa na fulana nne za timu yake, mpya, nyekundu zile zile. Hakuna neno lililoambatana nazo. Kaumba alizichana vipande, tukazitumia kupangusia grisi mpaka zikaisha. Ni kitambaa kizuri, kinanyonya.

Sasa tuna garaji yetu hapa mtaani Kenya, ukiweza kuita garaji mabati manne na shimo. Tunatengeneza mabasi madogo na pikipiki za kubeba abiria. Mapacha wako nasi. Kazi ipo, siku nyingine haipo. Kampuni nyingine zikisikia tulikotoka, zinasema zitatupigia simu.

Ningeishia hapo, lakini mwezi wa tano uliopita simu yangu ililia mchana, simu ya video kutoka namba ya nje. Nilipokea nikidhani ni mteja. Alikuwa Andris. Yuko kwao, amenenepa, nyuma yake kuna watu na vicheko, na mashindano yale ya barafu yameanza tena. Alikuwa amekunywa, yeye.

"Célestin," akasema, "tunaangalia mechi. Nimewasimulia hapa habari ya betri. Hawaamini. Waambie wewe. Mnakumbuka ile Jumapili?"

Alinigeuzia simu niwaone rafiki zake, wakanipungia mkono. Kaumba na mapacha walikuwa wameacha kazi, wamesimama nyuma yangu.

Nikasema, "Tunakumbuka. Nani aliunganisha betri?"

"Anaclet," akasema, na sauti ikashuka.

"Anaclet alikuwa anakunywa nini siku ile?"

Akainuka, nikaona anatembea, akaingia chumba kingine, akafunga mlango. Vicheko vikapungua. Akasema, "Fanta. Wewe unajua. Hakunywaka."

"Mimi najua. Mke wake anaambiwa alikufa kwa ulevi. Sema maneno hayo tena, nitayarekodi kwa simu ya Kaumba, nitampelekea. Wewe uko kwenu sasa. Hakuna jela. Sema tu kwamba alikuwa mzima wa akili na krik ilikuwa mbovu."

Yaya, aliuangalia mlango alioufunga. Nilimwona mdomo ukifunguka. Kisha akasema, "Bado nafanya kazi nao. Nilitia sahihi kwamba sitasema. Usinifanyie hivyo, rafiki yangu. Mambo yale yameisha."

"Kwako yameisha," nikamwambia.

Akasema mtandao ni mbaya, hanisikii. Mimi nilikuwa namsikia vizuri sana. Picha ikazimika. Baada ya hapo akanitumia bendera ya nchi yao, ile ndogo ya kwenye simu, na alama ya moyo. Nikafuta. Namba nayo nikaifuta.

Kyungu alisema labda yule mtu ana aibu. Kaumba akajibu, "Aibu iko nayo. Na inamusaidia nini Anaclet?" Akavaa miwani yake ya kuchomea akarudi kazini.

Nimewaza sana habari ya mchezo ule. Wale vijana walishinda kweli, simwondolei mtu haki yake. Lakini pale palikuwa na mwamuzi, palikuwa na kamera kila pembe, na bao likiingia hakuna anayeweza kusema halikuingia. Sisi tulikwenda kwa mkurugenzi tukidhani na ofisini kwake ni vile vile. Siku hizi mtu akinisimulia habari za wadogo waliowaangusha wakubwa, naondoka.

Baada ya simu ile, Kaumba alianza kutengeneza msalaba. Ule wa mbao wa mwanzo ulikuwa umeliwa na mchwa, na jina la mumeo limefutika. Alitumia chuma cha chasi ya kamyo lililokufa, kizito, kinahitaji watu wawili kukibeba. Tukabishana maneno ya kuandika. Kyungu alitaka "Mungu ampokee." Kaumba akasema Mungu anajua tayari, tuandike kwa ajili ya bantu, watu wanaopita. Kwa hiyo ameyachomelea maneno haya, herufi kwa herufi: ANACLET, FUNDI. ALIKUFA KAZINI. HAKUWA MLEVI.

Tuliusimamisha Jumamosi iliyopita. Mlinzi wa makaburi alikuja akasoma, akatuuliza tunataka kugombana na nani, maana hajawahi kuona msalaba wenye maneno kama hayo. Kabange akamwambia hatutaki kugombana na mtu, ni habari yake tu. Akaondoka akitikisa kichwa. Tukamwaga saruji kwenye mguu wa msalaba, tukangoja mpaka ishike. Hatukuimba.

Haitoshi, Yaya. Najua haitoshi. Kaka yake hatakuja Lubumbashi kusoma msalaba, na waliosema uongo wanapita barabara nyingine. Lakini uliniuliza mumeo alikufa namna gani. Alikufa akiwa ameikataa ile krik kwa mdomo wake, akatii kwa sababu aliombwa na mtu aliyemwamini, akiwa na chai tumboni na jina lako mdomoni. Mimi niliyemshika ndiye ninayesema.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kifua nimempa huyu huyu mfanyabiashara wa samaki, anywe asubuhi na jioni. Nisalimie mtoto wako mkubwa wa kiume, mwambie mjomba anasema aendelee na shule, asikubali mtu yeyote amwambie habari za baba yake isipokuwa mimi. Wadogo zake wabusu. Nisalimie mama mkwe wako, najua naye ameumia kwa njia yake. Na kaka mkubwa wa marehemu msalimie pia, kwa heshima yote. Mwambie mdogo wake hakuonja pombe mpaka anakufa. Akibisha, usiendelee kuongea naye, Yaya. Mpe kisogo uende kwa padri mwenyewe, uombe misa kwa jina lako wewe mke wake. Mke hahitaji ruhusa ya shemeji ili kumwombea mumewe.

Mdogo wako,
Célestin